Mfundishe Mbwa Wako Kukaa Katika Sanduku Lake

Bwana Mkulima, na wewe mama mwenye shamba, kabla hujasoma zaidi jiulize swali moja: Mbwa wangu yuko wapi saa hii? Ukiweza kujibu, "Yupo, namwona pale," basi kazi yako ni ndogo. Lakini wengi wetu tutajibu, "Hayuko mbali, atarudi jioni." Jibu hilo la pili ndilo lililotufanya tuandike habari hii.

Kila mkulima anajua ng'ombe wake wako wapi. Anajua kuku wake wamelala wangapi. Lakini mbwa hatumjali hivyo. Tunampa makombo ya ugali usiku, tunataka abweke mwizi akija, na mchana hatumwulizi aendako wala atokako.

Shauri letu kwa wakulima wa Kariandusi ni hili: mtengenezee mbwa wako sanduku la mbao, umfundishe kuingia na kulala humo kwa hiari yake, na kutulia humo hata mlango ukifungwa. Kazi hii inahitaji mbao chache na majuma machache ya uvumilivu. Faida yake utaiona kwa jirani yako, kwa mifugo yako, na zaidi ya yote kwa watoto wako.

SHAMBA LIMEKUWA DOGO, MBWA NI YULE YULE

Kariandusi ni mahali pa kale sana. Katika makumbusho yaliyo karibu na barabara kuu yapo mashoka ya mawe ya watu walioishi hapa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Dakta Louis Leakey na wenzake walianza kuyachimbua mwishoni mwa miaka ya 1920. Watu hao wa kale hawakuwa na mbwa. Mbwa alikuja kukaa na binadamu baadaye sana, na wataalamu wanasema yeye ndiye mnyama wa kwanza kabisa kufugwa, kabla ya kondoo, mbuzi na ng'ombe. Basi urafiki wetu naye ni mkubwa, lakini kila urafiki una masharti yake.

Mashamba makubwa ya Bonde la Ufa yalianza kugawanywa kwa mpango wa makazi mwaka wa 1962 na miaka iliyofuata. Mahali palipokuwa na mwenye shamba mmoja pakawa na jamaa nyingi. Tangu hapo baba amewagawia wanawe, na wana nao wamewagawia wao. Leo mwenye ekari tano anajiona ana ardhi kubwa. Lakini mbwa hakubadilika. Miguu yake ni ile ile ya zamani, na usiku mmoja anaweza kutembea maili nyingi. Akivuka ua wako yuko katika shamba la jirani. Akivuka la jirani huenda yuko juu ya barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, ambako malori hayamngojei mbwa avuke.

Akiteremka upande wa pili atafika Ziwa Elementaita. Ziwa hilo, pamoja na Nakuru na Bogoria, liliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2011 kwa sababu ya ndege wake. Mbwa wanaozurura huwafukuza ndege, na tena hupeleka magonjwa kwa wanyama wa porini. Mwaka wa 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia kwa simba wa Serengeti, na simba wapatao elfu moja wakafa, yaani kama theluthi moja ya simba wote wa huko. Wataalamu waliona kwamba ugonjwa huo chanzo chake ni mbwa wa vijijini. Hakuna mwenye mbwa aliyekusudia kuua simba. Ni mbwa tu walioachwa waende watakako.

MFANO WA MAJIRANI WAWILI

Tuseme wapo wakulima wawili, mashamba yao yamepakana. Asubuhi moja wa kwanza anakuta kondoo wake wawili wamekufa, wameraruliwa shingoni, na wa tatu anachechemea. Anakwenda kwa mwenzake.

"Mzee, hodi. Mbwa wako ameniulia kondoo."

"Karibu, jirani. Pole sana. Lakini si mbwa wangu. Wangu alikuwa nyumbani."

"Nyumbani wapi, mzee?"

Hapo mzee anyamaza. Hajui. Mbwa amelala chini ya mti, amechoka, na tope limemkauka miguuni. Labda ni yeye, na labda siye. Huenda ni mbweha, huenda ni mbwa wa mbali. Lakini mtu asiyejua mbwa wake alilala wapi hawezi kumtetea. Watakwenda kwa chifu, fidia italipwa au haitalipwa, na majirani waliosaidiana kuvuna viazi kwa miaka mingi hawatasalimiana tena.

Sasa tuseme mzee huyo angaliweza kujibu, "Jirani, njoo uone. Mbwa wangu alilala humu, mlango ukiwa na komeo, na mtoto wangu ndiye aliyemfungulia asubuhi." Maneno yangalikwisha hapo, na wote wawili wangaliondoka pamoja kufuata nyayo za mharibifu wa kweli.

SANDUKU SI JELA

Watu wengine watasema, "Kumfungia mnyama sandukuni ni ukatili." Maneno hayo yanafaa kujibiwa. Wewe mwenyewe huwafungia kuku jioni, na hakuna asemaye kuku wako jela. Tena mtazame mbwa mwenyewe. Akitaka kupumzika hutafuta mahali penye kivuli, palipofunikwa juu na nyuma: chini ya ghala, chini ya mkokoteni, au kati ya magunia. Mbwa jike akikaribia kuzaa hutafuta shimo. Mbwa hupenda mahali padogo panapomkinga, mradi pasiwe mahali pa kuteswa.

Ukatili ni mnyororo mfupi. Mbwa afungwaye kwenye mti mchana kutwa, juani na mvuani, hana pa kukimbilia mtoto akimtupia jiwe, basi hujifunza kuuma. Wengine hudhani ukali huo ndio ulinzi. Huo si ulinzi. Mbwa wa namna hiyo humwuma hata mtoto wa nyumbani siku anapokatika.

Lakini sikiliza vizuri: sanduku litakuwa jela ukilitumia vibaya. Mbwa hafai kukaa humo siku nzima. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili asifungiwe mchana zaidi ya saa mbili kwa wakati mmoja, na wa miezi mitatu zaidi ya saa tatu. Mbwa mkubwa asizidishe saa nne au tano mchana. Baada ya hapo atoke, anywe maji, akojoe, akimbie, afuatane nawe shambani.

KUTENGENEZA SANDUKU

Kwanza mpime mbwa wako. Chukua urefu wake kutoka puani mpaka shina la mkia, uongeze nusu futi: huo ndio urefu wa sanduku. Mpime kutoka chini mpaka juu ya kichwa akiwa amesimama, uongeze inchi tatu au nne: hicho ndicho kimo cha sanduku. Upana uwe wa kumtosha kugeuka bila kujibana. Kwa mbwa wetu wengi wa kawaida, sanduku la futi tatu na nusu kwa futi mbili, lenye kimo cha futi mbili na nusu, litafaa.

Usilifanye kubwa mno. Mbwa hapendi kuchafua mahali alalapo, na tabia hiyo ndiyo itakayokusaidia kumfundisha usafi. Sanduku likiwa kubwa atalala kona moja na kuchafua nyingine. Ikiwa mbwa wako ni mchanga na atakua, tengeneza sanduku la mbwa mkubwa, kisha uweke ubao katikati kuligawanya. Akikua, uondoe ubao.

Tumia mbao za kawaida za saipresi, hata zilizobaki ulipojenga. Fuata mambo haya:

1. Sakafu iinuliwe juu ya matofali au mawe kama nusu futi kutoka chini, maji ya mvua yasiingie.

2. Paa literemke nyuma. Ukitumia mabati, weka mbao chini yake, kwa maana mabati peke yake huwa moto sana mchana na baridi sana usiku. Usiku wa Kariandusi ni wa baridi, kila mtu anajua.

3. Mlango uwe wa fito au wa wavu wa waya ngumu, ili mbwa aone nje na hewa ipite. Waya mwembamba wa kuku haufai, ataukata kwa meno. Tia bawaba imara na komeo la nje.

4. Toboa matundu ya hewa juu, pande zote mbili.

5. Piga misumari kwa namna ambayo ncha hazitokezi ndani.

6. Usipake dawa ya mchwa wala rangi ndani. Mbwa hutafuna mbao.

Weka sanduku kivulini, mahali ambapo upepo hauingii mlangoni, na ambapo mbwa aweza kuwaona watu wa nyumbani. Mbwa aliyetengwa nyuma ya choo hujiona amefukuzwa. Ndani tandika gunia na nyasi kavu. Badilisha nyasi kila juma na uzichome za zamani, kwani viroboto hutaga humo. Wengine hufikiri ule udongo mweupe wa Kariandusi waweza kumwagwa ndani ili kuua viroboto. Usifanye hivyo. Vumbi likijaa mahali padogo humdhuru mbwa mapafuni, na wewe unayelimwaga pia. Jua kali na nyasi mpya zafaa zaidi, na daktari wa mifugo atakuambia dawa ya viroboto na kupe.

KUMFUNDISHA

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa aliyetimiza majuma manane na kuachishwa kunyonya ndiye rahisi kufundishwa. Usimtoe kwa mama yake kabla ya hapo.

Juma la kwanza: Acha mlango wazi, uufunge na kamba usije ukajibamiza na kumtisha. Mpe chakula chake chote humo ndani. Siku ya kwanza weka bakuli mlangoni, siku ya pili lisogeze ndani, siku ya tatu liweke mwisho kabisa. Mchana tupa kipande cha ugali kilichochovywa katika mchuzi ndani ya sanduku, useme neno moja tu, "Ndani!" Akiingia, msifu. Atoke anapotaka. Usimsukume hata kidogo. Watu wote wa nyumbani watumie neno lile lile. Baba akisema "Ndani!", mama "Ingia!" na watoto "Nenda huko!", mbwa hatajua la kushika.

Juma la pili: Anapokula ndani, funga mlango polepole, ufungue kabla hajamaliza. Kesho yake, fungua akimaliza. Kesho kutwa, ngoja apumzike kidogo. Ongeza muda pole pole: dakika mbili, tano, kumi, nusu saa. Mara za kwanza kaa karibu, ukimenya viazi au ukinoa panga. Halafu ondoka kidogo na kurudi.

Akilia, usifungue wakati huo huo analia, maana atajifunza kwamba kilio ndicho ufunguo. Ngoja anyamaze, hata kwa muda wa kuvuta pumzi, ndipo ufungue. Lakini tumia akili. Mtoto wa mbwa anayelia usiku wa manane huenda anataka kukojoa. Mtoe, akojoe, umrudishe bila mchezo.

Juma la tatu: Sasa anaweza kulala humo usiku kucha. Mtoe alfajiri kabla ya kitu kingine chochote, umpeleke mahali pale pale pa kujisaidia. Mtoe tena baada ya kila mlo na baada ya kila usingizi. Siku akienda sandukuni mwenyewe bila kuambiwa na kujilaza, ujue kazi imekwisha.

Ikiwa mbwa wako ni mkubwa na amezoea kuzurura, kazi ni ile ile lakini itachukua majuma sita au zaidi. Mwanzoni uondoe mlango kabisa. Mpe chakula humo tu, si mahali pengine. Mbwa akitweta sana, akitokwa na udenda kwa woga au akitafuna fito hata kujiumiza, umekwenda haraka mno. Rudi nyuma hatua moja. Haraka haraka haina baraka.

MAKOSA YA KUEPUKA

Usimfungie sandukuni kwa kumwadhibu. Akikosa, mkemee papo hapo na yakwishe. Ukimpiga kisha ukamtupa humo, utakuwa umebomoa kwa siku moja kazi ya majuma matatu.

Usiwaache watoto kumchokoza akiwa ndani. Waambie hivi: mbwa akiwa sandukuni mwake, haguswi. Hiyo iwe sheria ya nyumba.

Usimfungie bila maji, wala penye jua. Na usimfungie akiwa na mnyororo au kamba shingoni, ataweza kunasa na kujinyonga.

NANI ATALINDA USIKU?

Hili ndilo swali la kila mwenye ng'ombe. Jibu letu ni hili: kazi kubwa ya mbwa mlinzi si kupigana na mwizi. Ni kukuamsha wewe. Masikio na pua yake hufanya kazi ndani ya sanduku kama nje. Weka sanduku karibu na zizi, mlango ukielekea njia ya kuingilia, nawe utamsikia.

Ikiwa boma lako lina ua mzuri usiopenyeka, unaweza kumfungulia usiku azunguke ndani ya ua, na mchana apumzike sandukuni wakati watoto wanapokwenda na kutoka shule na wageni wanapopita. Ikiwa huna ua, ni afadhali mbwa abwekaye ndani ya sanduku kuliko mbwa aliye nusu maili huko, akila kondoo wa mtu wakati mwizi yuko kwako. Tena mwombe daktari wa mifugo akueleze habari ya kumhasi. Dume aliyehasiwa kwa kawaida hapotei sana kufuata majike.

SIKU YA CHANJO

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kichaa cha mbwa kimekuwa Kenya zaidi ya miaka mia moja. Mbwa wa kwanza aliyejulikana kuwa na ugonjwa huo alipatikana karibu na Nairobi mwaka wa 1912, na mtu wa kwanza aliandikwa mwaka wa 1928. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, dawa ya kumponya karibu haipo. Lakini kuuzuia ni rahisi: mbwa achanjwe.

Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Serikali ya Kenya iliweka mpango mwaka wa 2014, na shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka wa 2030 mtu yeyote asife kwa kichaa kilichotokana na mbwa. Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka wa 1895. Yeye ndiye aliyempa chanjo mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister huko Paris mwezi wa Julai 1885, na mtoto akapona. Mahali pengi chanjo hutolewa karibu na siku hiyo.

Lakini chanjo haimfikii mbwa asiyeshikika. Siku ya chanjo mkulima anamwita mbwa wake na mbwa anakimbilia mahindini. Anamfuata, watoto wanapiga kelele, mbwa anatoroka kabisa. Daktari anangoja, anatazama saa, mwisho anakwenda kijiji kingine. Mbwa yule, ambaye hakuna awezaye kumshika, ndiye yule yule azururaye na kukutana na mbweha na mbwa wa kila mahali. Yeye ndiye aliyehitaji chanjo kuliko wote.

Mwenye sanduku husema "Ndani!", anafunga komeo, na daktari anamkuta mbwa ametulia. Mtoto wa mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Iweke hati ya chanjo pamoja na karatasi za shamba, isipotee.

MBWA AKIUMA MTU

Hata mbwa aliyechanjwa aweza kuuma. Ikitokea, fanya hivi bila kukawia.

Kwanza, mtu. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu, basi tazama saa. Usitie tumbaku, mafuta wala majani. Kisha nenda hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu, ukaelezwe habari ya sindano. Usingoje kuona mbwa atafanyaje. Mgonjwa akianzishiwa sindano, azimalize zote kwa tarehe alizopewa.

Pili, mbwa. Watu wengi humwua mbwa papo hapo kwa hasira. Ikiwa mbwa ni mzima na anashikika, hilo ni kosa. Afungiwe, na daktari wa mifugo apewe habari amwangalie kwa siku 10. Mbwa aliyekuwa na sumu ya kichaa mateni siku alipouma kwa kawaida huonyesha ugonjwa na kufa kabla ya siku hizo kwisha. Akiwa mzima baada ya siku 10, hiyo ni habari njema kwa aliyeumwa na jamaa zake, na daktari wa hospitali ataitumia kuamua juu ya sindano zilizobaki. Mbwa aliyeuawa na kutupwa korongoni hawezi kumpa mtu habari yoyote.

Siku 10 ni nyingi kwa mbwa kufungwa. Hapo asibanwe ndani ya sanduku peke yake. Weka sanduku wazi ndani ya stoo au kizimba imara chenye kufuli, apate nafasi ya kusimama na kutembea. Mbwa aliyezoea sanduku lake atakula na kulala. Mbwa asiyewahi kufungiwa atavunja mlango siku ya pili, na siku ya tatu hakuna ajuaye aliko.

Lakini angalia: haya ni kwa mbwa ambaye ni mzima. Mbwa aliyebadilika tabia, anayeuma hovyo vitu na wanyama, anayedondoka mate na taya limelegea, anayeyumba au ambaye sauti yake imekuwa nyingine, usijaribu kumshika wala kumwingiza popote. Waondoe watoto, wafungie mifugo, na umwite daktari wa mifugo au chifu mara moja.

Jambo jingine kwa wenye ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa huweza kutokwa na mate, kushindwa kumeza na kulia kwa sauti isiyo ya kawaida, hata mtu afikiri amekwamwa na kiazi kooni. Usitie mkono wako kinywani mwake. Mwite daktari.

KIFUA NA INI LA KONDOO

Mbwa anayezurura hula mizoga na matumbo machinjioni. Mapafu na maini yenye vifuko vya maji yana mbegu za minyoo. Mbwa akiyala mabichi, minyoo hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mtoto aliyemshika mbwa kisha akala bila kunawa huweza kuota kifuko kama hicho ndani ya ini lake mwenyewe. Minyoo ya aina nyingine hutoka kwa mbwa na kwenda katika ubongo wa kondoo, na kondoo huyo huzunguka mahali pamoja mpaka afe. Basi ukichinja, vitu hivyo vichomwe au vizikwe kwa kina, visipewe mbwa vikiwa vibichi. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa tarehe atakazokuambia daktari. Na mbwa anayekula nyumbani na kulala sandukuni hana haja ya kwenda kuchakura machinjio ya watu.

KUMBUKA

Sanduku liwe la kipimo cha mbwa, kivulini, lenye nyasi kavu na maji.

Aingie kwa chakula na sifa, si kwa fimbo.

Mchana asizidishe saa nne au tano, na mtoto wa mbwa asifikishe hizo.

Achanjwe kila mwaka, na hati itunzwe.

Akiuma mtu: sabuni na maji dakika 15, hospitali siku ile ile, na mbwa aangaliwe siku 10.

Bwana Mkulima, mbao unazo nyuma ya ghala. Jumapili hii waite watoto mkapime mbwa pamoja na kuanza kazi. Mwezi ujao mtu akikuuliza mbwa wako yuko wapi, utamwonyesha kwa kidole.